Ngitili si pori la bure

Katika miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga, Tanzania, ulihofiwa kugeuka jangwa. Tangu enzi za mkoloni misitu ilifyekwa kwa makusudi ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakasogea, na watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaziacha nyuma ngitili zao, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokaza. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, zilisalia kama hekta 600 tu. Miaka ya 2000 ilipoanza, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa miche: ardhi ilipumzishwa, visiki vikachipua vyenyewe, na dagashida, baraza la jadi, likawatoza faini waliovunja mwiko.

Anayepita barabarani huona kichaka kilicholala bure. Hesabu ya shirika la uhifadhi la IUCN ilionyesha kingine: mazao ya ngitili yalimfaa kila mtu kwa takriban dola 14 kwa mwezi, ilhali matumizi ya mwananchi wa kijijini yalikuwa wastani wa dola 8.5. Pato hilo halionekani kwa kuwa sehemu yake kubwa haipiti sokoni. Ni kuni ambazo mama hakuzinunua, nyasi za kuezekea, dawa, asali, na ng'ombe aliyevuka kiangazi akiwa hai. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mwenye njaa apewe kwanza ardhi alime. Shinyanga ilikwisha kufyekwa, na kilichofuata kilikuwa udongo uliochoka na mwendo mrefu wa kutafuta kuni.

Lipo pingamizi zito zaidi. Ngitili nyingi ni za kaya binafsi, na mwenye eneo kubwa ni yule mwenye ng'ombe wengi. Mjane asiye na hata ndama hubaki kuomba. Hili ni kweli, na linaniuma. Lakini dawa yake si kufyeka, ni kugawa haki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Basi sheria hizo ziandikwe zikimtaja asiye na mifugo: siku zake za kuokota kuni, fungu lake la nyasi, mzinga wake, na kiti chake kwenye kamati inayoamua lini ngitili ifunguliwe.