Je, Mgonjwa wa Ini Amekingwa na Madonge ya Damu?

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kazi za ini hujibu kwamba, pamoja na kutengeneza nyongo na kuhifadhi sukari, ini hutengeneza protini za kugandisha damu. Hupewa alama zake, akaketi. Kutokana na jibu hilo huzaliwa hoja ionekanayo sahihi kabisa: ini likiharibika, protini hizo hupungua, zikipungua, damu haigandi upesi, kwa hiyo mgonjwa wa ini amekingwa na madonge ya damu mishipani. Hoja hii si ya wanafunzi peke yao. Kwa miaka mingi madaktari nao waliishika. Hatari yake ni kwamba mgonjwa wa ini akivimba mguu mmoja, huenda asishukiwe kabisa kuwa na donge. Nionavyo mimi, kosa huanzia darasani, katika jibu lile lile lipewalo alama zote.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ini hutengeneza fibrinojeni, protrombini na jamaa zake, lakini ini hilo hilo hutengeneza protini C, protini S na antitrombini, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isigande pasipotakiwa. Ini likisinyaa, vigandishi na vizuizi hupungua pamoja. Tena kigandishi cha nane, ambacho hutoka katika kuta za mishipa, huongezeka badala ya kupungua.

Mbona basi vipimo vilitudanganya? Kipimo kilichozoeleka kilibuniwa na Armand Quick nchini Marekani mwaka 1935. Maji ya damu hutiwa katika kichupa, huongezwa kiamshi na madini ya kalisi, kisha sekunde huhesabiwa mpaka yagande. Kwa mgonjwa wa ini sekunde huwa nyingi. Lakini protini C haiamki vema bila trombomodulini, iliyomo katika kuta za mishipa, na kichupa cha kioo hakina ukuta wa mshipa! Kipimo hicho, basi, huona upande mmoja tu. Mwaka 2005 Armando Tripodi na wenzake mjini Milano walipima damu ya wagonjwa wa ini lililosinyaa baada ya kuongeza trombomodulini, wakakuta kwamba huzalisha trombini sawa na damu ya watu wenye afya.

Jambo hili latuhusu. Kandokando ya Ziwa Viktoria, mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hukwama katika matawi madogo ya mshipa uletao damu inini kutoka matumboni. Makovu hufanyika, damu husota, na damu isotayo huganda kwa wepesi. Mgonjwa huyo huyo aweza pia kutapika damu kutoka mishipa iliyotutumka ya umio. Ndiyo maana dawa za kuzuia kuganda si za kujinunulia: kumpa au kutompa ni uamuzi wa daktari aliyempima. Na kwa wenye ini lenye mafuta, hali ambayo mara nyingi hufuatana na unene na kisukari, maradhi ya moyo na mishipa huua wengi kuliko ini lenyewe.

Napendekeza mwalimu aandike ubaoni safu mbili, vigandishi upande huu na vizuizi upande huu, kisha afute nusu ya kila safu na kuwauliza wanafunzi damu hiyo itakuwaje. Wengi watasema itakuwa nyepesi. Wachache watasema mizani imebaki sawa. Hapo awaulize tena: mgonjwa huyo akipatwa na homa kali, au akilala kitandani majuma mawili, mizani iliyobakiwa na mawe machache hivyo itaelemea wapi? Yaweza kuelemea upande wowote, na mwanafunzi atakayeeleza kwa nini amestahili alama kuliko yule aliyekariri orodha.