Nyumba ya Kampuni Si Zawadi

Kuna picha ambayo bila shaka umeiona, labda hata umeipiga wewe mwenyewe ukipita Kericho. Chai imelala juu ya vilima, kijani mpaka macho yanachoka, na katikati kuna safu ya vijumba vyeupe vya ukubwa mmoja, vimepangwa kama meno. Mtu anaiweka Instagram na kuandika chini yake neno moja: amani. Mimi nimelelewa ndani ya kijumba kimoja cha namna hiyo. Kila nikiiona picha natafuta kwanza moshi. Kama hakuna moshi, najua imepigwa saa nne asubuhi, watu wote wako shambani, na hiyo amani unayoiona ni watu kutokuwepo.

Sisi tunaita mahali hapo laini. Wengine husema kambi, na kampuni husema kijiji, neno linalopendeza kwenye ripoti. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja. Shuka lilining'inizwa kwenye kamba kugawa upande wa kitanda na upande wa viti, na usiku viti vilipandishwa juu ya meza ili mimi na ndugu zangu tulale chini. Mfereji mmoja ulihudumia nyumba nyingi, vyoo vilikuwa vya safu, na mlangoni kulikuwa na namba iliyopakwa rangi nyeusi. Namba hiyo ndiyo ilikuwa jina letu. Zahanati ilikuuliza namba, geti lilikuuliza namba, hata mtoto akipotea aliulizwa namba kabla ya kuulizwa mama yake ni nani.

Sitaki mtu afikiri naandika kilio. Laini ilikuwa na raha zake. Jumapili kulikuwa na mpira, na kila laini ilikuwa na timu na wazee wake wa kutukana refa. Mama akichelewa mizani, jirani alinipikia bila kuulizwa. Nilijifunza Kigusii, Kiluhya, Kikipsigis na matusi ya Kijaluo kwenye mfereji ule ule mmoja. Stima tulikuwa nayo kabla ya binamu zangu wa nyumbani kuipata. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni za chai ziliwapa watu wake maji, shule na zahanati wakati serikali haikufanya hivyo, simbishii. Ninachobisha ni lile neno "ziliwapa".

Kazi ile haikulipwa kwa pesa tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au amlipe pesa za kutosha kupanga. Soma tena. Nyumba, au pesa. Anayelala laini hapati posho ya nyumba, maana nyumba yenyewe ndiyo posho. Mama yangu alichuma majani kwa zaidi ya miaka ishirini, gambuti miguuni, mpira kiunoni, kikapu mgongoni, mvua ya saa nane ya Kericho ikimpiga kila siku. Kila mwezi wa miaka hiyo alilipia kile chumba kwa posho ambayo hakuipokea. Mtu aliyelipa kodi ya nyumba miaka ishirini mjini, hata kama nyumba si yake, ana notisi, ana mkataba, ana mahakama ya wapangaji. Mama alikuwa na namba tu.

Mashine za kuchuma zilipoongezwa, kazi ilikwisha. Kampuni sitaitaja, haikufanya jambo ambalo majirani zake hawafanyi. Aliitwa ofisini Jumatatu, akapewa karatasi na mwezi mmoja wa kuhama. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amenieleza: mfanyakazi wa laini akifutwa kazi anafutwa pia nyumba, majirani, zahanati, na shule ya watoto, kwa karatasi moja na siku moja. Wewe ukifutwa kazi Nairobi unalia ukiwa kwako. Mimi nilikuwa chuo mwaka wa tatu, nikarudi kusaidia kupakia pikapu, na chuoni sikurejea. (Kusema kweli, hata kabla ya hapo sikuwa na pa kurudi likizo. Nilipofika miaka 18 jina langu lilitolewa kwenye orodha ya nyumba, na nikija nilikuwa mgeni wa mama yangu, mwenye ruhusa ya siku kadhaa.)

Mpangilio huu haukuanguka kutoka mbinguni. Mnamo 1919 sehemu ya ardhi iliyokuwa imechukuliwa kwa Wakipsigis ilitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa kwenye Vita vya Kwanza, walime kitani. Kitani kikawashinda, na miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na ile iliyokuja kuwa James Finlay Kenya, zikaingia. Wakipsigis wengi walikuwa bado na ng'ombe na hawakuwa na haraka ya kuchumia mtu majani, basi vibarua wakatafutwa Nyanza na Magharibi. Mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja mwanamume, kana kwamba mke na watoto wanalishwa na upepo huko kwao. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1954, kamati ya Carpenter iliiambia serikali ya kikoloni wazi kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi, kwamba Mwafrika anayefanya kazi alipwe kiasi cha kukaa na familia yake. Familia kweli zilikuja. Zikaja kwenye chumba.

Na mshahara wa familia? Hapo ndipo ujanja ulipo. Nyumba ya kampuni iliziba pengo ambalo mshahara ulipaswa kuziba. Ukimpa mtu pesa ya kutosha atanunua kiploti chake Litein au Kapkatet, atajenga polepole, na siku nyapara akimtukana atatoka aende zake. Ukimpa chumba, atavumilia nyapara. Mwaka 2023 BBC ilipeperusha uchunguzi uliofanywa kwenye mashamba ya chai ya huku, wanawake wakisimulia wasimamizi wanavyodai ngono ili wape kazi. Watu mitandaoni wakauliza, mbona hawakuondoka? Waondoke waende wapi, na watoto wamelala nyuma ya shuka? Mwanamke ambaye kitanda chake kiko mikononi mwa bosi wake hana njia ya kusema hapana isiyomgharimu kitanda.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu, ambayo marafiki zangu wa Kericho huniambia niiache.

Wakipsigis na Watalai wanadai ardhi hii, na wana haki. Watalai walitungiwa sheria yao peke yao mwaka 1934, wakahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kwenye joto na malaria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba walidhulumiwa, na mwaka 2022 kesi yao dhidi ya Uingereza ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Sina neno dhidi ya hayo. Lakini kila mkutano wa ardhi ninaousikia, upande mmoja wa meza anakaa mwekezaji, upande wa pili anakaa kiongozi akisema kwa niaba ya wenyeji, na anayelala juu ya ardhi yenyewe hana kiti. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa CVC kwa euro bilioni 4.5. Mwaka 2023 Finlay ikauza mashamba yake ya Kericho kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata Lipton nayo ikakubali kuwauzia hao hao. Kulikuwa na mazungumzo ya asilimia 15 ya hisa kwa wenyeji kupitia ushirika. Vizuri. Je, umesikia asilimia ya laini? Nyumba ziliuzwa na watu wakiwa ndani, kama unavyouza kibanda na kuku wake.

Sisi watoto wa Wagusii na Waluhya tuliozaliwa hapa tunaitwa wageni. Nikienda kwa babu yangu naitwa "yule wa Kericho". Desemba 2007 nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama akizima redio na kutuambia tusiongee Kigusii hata chooni. Tulilala kwenye chai, katikati ya mistari, na usiku ule niligundua majani ya chai yana harufu tofauti ukiwa chini yake. Wengine waliuawa. Wafanyakazi na familia zao 218 walijaribu kuishtaki Unilever huko London kwa kutowalinda kwenye shamba lake, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikasema kampuni mama haiwajibiki. Kwa hiyo aliyevamiwa ndani ya nyumba ya kampuni, kwenye ardhi ya kampuni, akiwa amevaa mpira wa kampuni, akaambiwa na wakubwa wa kampuni kwamba huko chini wao hawakuwako.

Mwenyeji aliyenyang'anywa shamba na kibarua aliyeletwa kulichuma walidhulumiwa na mpango mmoja. Tunafanywa tuoneane macho makali juu ya ukuta wa laini, na anayekunja faida hayuko upande wowote wa ukuta. Mei 2023 vijana walipochoma mashine za chai huku Kericho, na mtu akauawa kwenye purukushani na polisi, magazeti yaliandika habari za wahuni na mali ya mwekezaji. Mimi nilijua kwamba kila mashine ni laini nzima inayohama.

Kuna wanaoniambia, basi si mhame tu, mkapange mjini kama watu wengine? Tumehama. Tuko Nyagacho, chumba kimoja tena, ila sasa kodi ni shilingi 3,000 na choo ni kibaya zaidi. Hilo si jibu, ni kubadilisha mwenye ufunguo.

Na serikali? Mfanyakazi wa laini aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5. Fikiria. Mchuma majani analala kwenye chumba ambacho si chake, analipia kwa posho asiyoipata, halafu anakatwa tena ili mtu mwingine apate nyumba ya ghorofa. Ikiwa kuna watu nchini ambao pesa hizo zingewafaa bila maswali, ni hawa. Orodha yao ipo, namba zao zimepakwa mlangoni. Sijasikia kiongozi yeyote wa Kericho au Bomet akisema ploti za kwanza ziwe za waliokwisha chuma miaka kumi na tano.

Wala hii si ndoto ya mtu aliyeacha chuo. Sri Lanka, kule wanakotoka wenye mashamba wapya, nako Mwingereza alijenga laini kwa ajili ya chai, akaleta Watamil kutoka India wakalala humo vizazi na vizazi. Leo serikali yao, kwa msaada wa India, inawajengea wafanyakazi wa mashamba nyumba za kujitegemea, kila moja kwenye kipande cha perchi saba, kama futi 1,900 za mraba, kwa hati. Inakwenda polepole, na wengi bado wanangoja. Lakini mwenye kampuni anayejua neno hati kwa Kisinhala hawezi kuniambia kwamba kwa Kiswahili halitafsiriki.

Katiba ya 2010 ilikata hati za miaka 999 za wageni zikawa 99, yaani hadi 2109. Mimi sitakuwepo. Ila mikataba inafunguliwa kila kampuni inapouzwa, na kila inapofunguliwa laini inaweza kukatwa nje ya shamba na kupewa waliomo, pamoja na wenyeji wasio na pa kukaa, Watalai kwanza. Ni ardhi kidogo sana ukilinganisha na chai. Tembea juu ya kilima uone: vile vijumba vyeupe ni punje.

Na wakati huo hautakapofika, angalau mwezi mmoja uwe mwaka mmoja. Mtu aliyekaa miaka ishirini ana vitu vingi, vingine havipandi pikapu.

Mama bado anaenda kanisa la kule laini, hakupenda la mjini. Jumapili iliyopita nilimsindikiza. Getini askari, kijana niliyecheza naye mpira, alifungua daftari na kuuliza jina, simu, na sababu ya ziara. Mama akasema, "Andika kanisa, mwanangu." Baada ya ibada tulipitia nyuma ya nyumba yetu. Mlango umepigwa kufuli, namba bado ipo. Sukuma wiki alizopanda zimerefuka mpaka zimetoa maua. Alichuma majani yaliyokuwa bado laini, akayafunga kwenye leso, na tulipotoka askari akaangalia leso, akaangalia daftari, akaangalia kando.