Msimu wa Kwaya Hapa Morogoro

Wako wengi katika wanachama wetu, makarani, waalimu, wauguzi na mabwana shamba, ambao saa za kazi zikiisha huelekea kanisani kujifunza nyimbo kwa sauti nne. Twawapita njiani jioni wala hatuwaulizi habari. Leo twataka kusema neno juu ya kazi yao, maana twaona ni kazi ya heshima inayopotea bure kwa kukosa utaratibu.

Shauri letu ni hili. Kwaya za mji huu, pamoja na zile za Mgeta na Matombo zitakazoweza kushuka, zifanye msimu mmoja wa nyimbo takatifu kila mwaka, jioni moja kila mwezi tangu Juni hata Oktoba. Kila kwaya itoe waimbaji wasiozidi 24, nao waimbe pasipo kinanda cha umeme wala vipaza sauti. Juni tumeichagua kwa sababu: masika yakiwa yamepita, njia ya Mgeta hupitika, na tena mvua ikipiga bati la kanisa hata watu 60 hawasikiki, sembuse 20.

Watu watauliza, mbona bila kinanda? Twajibu kwamba kinanda cha umeme kimekuwa mkongojo wa watu wenye miguu mizima. Besi hazijifunzi tena kushika sauti yao, kwa kuwa mashine huwashikia. Umeme ukikatika, wimbo nao umekatika. Wenzetu wa Kamina, katika Kongo, waliimba Misa Luba chini ya Padre Guido Haazen kwa sauti zao na ngoma tu, na mwaka 1958 walikwenda kuimba Ulaya wakasikilizwa kwa adabu kuu. Mwaka 1964 oratorio ya Joseph Kyagambiddwa juu ya Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma walipotangazwa watakatifu. Hayo yalifanywa na Waafrika kama sisi.

Wala sisi hatuanzi leo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka huko wakaja hata Uluguru. Siku zile Misa iliimbwa kwa Kilatini, na mwaka 1903 Papa Pius X aliagiza wimbo wa Gregori uwe wa kwanza kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukafungua mlango kwa muziki wa wenyeji. Mwaka uo huo Padre Stephen Mbunga akatoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika. Twapenda kusikia nyimbo za kale na hizi mpya jioni moja, ili msikilizaji apime mwenyewe.

Liko jambo gumu zaidi. Mwalimu wa kwaya mara nyingi ni mtumishi wa Serikali. Barua ya uhamisho ikifika, huondoka na daftari lake la noti, na kwaya aliyoilea miaka sita hufa kwa miezi mitatu. Uhamisho hatuwezi kuuzuia, wala si haki kuuzuia. Lakini noti zetu ni za do-re-mi, zile alizozieneza John Curwen kule Uingereza. Huandikwa kwa herufi tupu, na karani yeyote mwenye mashine ya kuandikia aweza kuzinakili. Basi kila wimbo wa msimu unakiliwe mara tatu, na kila mwalimu awe na msaidizi anayeweza kusimama mbele mwenzake asipokuwapo. Kwaya isiyokubali sharti hili isiingie.

Tena wako ndugu zetu Waislamu, nao wana haki ya kuuliza kwa nini chama chao kishughulike na nyimbo za kanisa. Swali ni la kweli. Chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba na wenzake kiliwakusanya watu wa dini zote mbili, na kama kingalipendelea upande mmoja kisingalidumu. Kwa hiyo twasema wazi: senti ya mfuko wa Chama isitumike. Kiingilio cha mlangoni kilipe nauli za waimbaji wa milimani na karatasi za noti, na hesabu zake zibandikwe ukutani wote wazione. Na ndugu zetu wakitaka jioni za kasida, ukurasa huu utawatangazia vivyo hivyo, nasi tutakuja kusikiliza.

Makatibu wa kwaya wanaokubali walete majina ya waimbaji, jina la msaidizi wa mwalimu na orodha ya nyimbo kwa Katibu wa Chama kabla ya mwisho wa Aprili.