Adui Mwombee Njaa

Wahenga walinena: adui mwombee njaa. Walijua kwamba mwenye njaa hutii hata bila kutiwa pingu. Sisi wapenda mageuzi tumejifunza kulinda masanduku ya kura dhidi ya wezi. Lakini ni nani amlindaye mpiga kura dhidi ya njaa na maradhi, ambayo humfikia kabla yeye hajakifikia kituo?

Tuitazame Garissa ya mwaka 1997. Taifa lilikuwa likielekea uchaguzi mkuu wa pili tangu kurejeshwa kwa vyama vingi. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na miaka sita tu tangu kuondolewa, mwaka 1991, kwa sheria za hali ya hatari zilizoukandamiza tangu 1963. Ndipo zikaja mvua za El Niño, kubwa kuliko zote tangu 1961. Mto Tana ulifurika, barabara zikakatika, mbu wakazaliana katika maji yaliyotuama. Mifugo ikaanza kutupa mimba na kufa. Kisha watu nao wakafa, wengine wakitokwa na damu. Mwezi Desemba viliripotiwa vifo 478 visivyoeleweka katika mkoa huo na kusini mwa Somalia, na maabara zikathibitisha kuwapo kwa homa ya Bonde la Ufa. Wafugaji walieleza kwamba walipoteza kadiri ya asilimia 70 ya mbuzi na kondoo wao. Katikati ya msiba huo, tarehe 29 Desemba, waliitwa kupiga kura. Mafuriko na kuchelewa kwa vifaa viliilazimisha Tume kuongeza siku ya pili nchini kote.

Kwa mfugaji, mbuzi ni benki, ni karo, ni mahari, ni dawa ya mgonjwa. Kundi likifa, hata uhuru wake wa kumkatalia mkubwa hudhoofika. Na pigo halikuisha na kura: Februari 1998 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika.

Sheria ya wakati huo ilimtaka mshindi wa urais apate asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa hesabu hiyo, Kaskazini Mashariki yenye wapiga kura wachache ilikuwa na uzito sawa na mkoa wowote ule. Rais Moi alishinda kwa kadiri ya asilimia 40 tu ya kura zote, lakini ni yeye pekee aliyetimiza sharti hilo la mikoa, na Kaskazini Mashariki ilikuwa ngome yake mojawapo.

Husemwa kwamba uchumi ukianguka, serikali nayo huanguka. Marekani, mwaka wa Korona wa 2020, ilimwondoa Donald Trump. Mbona hesabu hiyo haitimii kila mahali? Kwa sababu humtaka mpiga kura awezaye kukasirika leo na bado akala kesho. Barabara zikikatika, mgombea wa upinzani hukwama njiani. Serikali ina ndege, na chifu ana orodha ya wapokeao mahindi. Hakuna haja ya vitisho. Yatosha wananchi kujua gunia limo mkononi mwa nani, na yule aliyestahili lawama hugeuka kuwa wa kushukuriwa.

Maradhi huwapa watawala kiboko cha pili, yaani kanuni za afya. Uganda, Novemba 2020, mgombea Robert Kyagulanyi alikamatwa kwa madai ya kuvunja masharti ya Korona. Katika ghasia zilizofuata, zaidi ya watu 50 waliuawa, miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Januari 2021.

Wala njaa haikubaki katika mwaka 1997. Uchaguzi wa 9 Agosti 2022 uliikuta kaskazini ya Kenya katika ukame mkali, mvua zikiwa zimekosekana misimu mfululizo. Chini ya Katiba ya 2010, mshindi hudaiwa asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47; Garissa, Wajir na Mandera ni tatu kati ya hizo. Siku ya uchaguzi inajulikana mapema: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Basi matayarisho nayo yaanze mapema.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, orodha za misaada zisomwe hadharani na kusimamiwa na kamati za wazee, akina mama, maimamu na wachungaji, wala mgombea asizikaribie. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha hongo. Gunia lenye picha ya mgombea ni hongo pia. Pili, masharti ya afya yawabane wote sawa, yawe na tarehe ya kukoma, na mahakama iwe na uwezo wa kuyachunguza. Tatu, mfugaji aliyehama kutafuta maji asipoteze kura yake kwa kuwa kituo alichojiandikisha kiko mbali.

Ndugu zetu wa makanisa, mnapokusanya unga kwa ajili ya wenye njaa, mfuateni mpokeaji hadi siku ya kura. Mwambieni waziwazi kwamba chakula hicho ni haki yake, na hana deni la kura kwa mtu yeyote.