Dakika 30 za KNEC hazilipi miaka tisa

Wasee, kila msimu wa mitihani tunapigia makofi kitu bila kufikiria. KNEC inawapa watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 30 za ziada. Kamera zinafika, mtoto mmoja anapigwa picha akiandika kwa mguu, tunasambaza, tunalia kidogo, tunasonga.

Sipingi hizo dakika. Napinga ziwe ndio msaada wa kwanza na wa mwisho mtoto anapata tangu Gredi ya 1.

Na hata kuzipata ni kazi. Shule lazima itume jina mapema, na ripoti kuonyesha mtoto alifanyiwa tathmini. Tathmini inafanywa kwa vituo vya EARC, ambavyo viko tangu 1984. Uliza mzazi wako kama anajua EARC ni nini. Uliza ticha wako wa zamani. Nangoja.

Mtoto asiyeona, angalau watu watajua haoni. Shida ni yule anakaa sawa kabisa lakini herufi zinamgomea. Huyo anaitwa mzembe. Praimari nilikaa dawati moja na jamaa hivyo. Ukimsomea swali la hesabu, anatoa jibu kabla umalize. Mpe karatasi asome mwenyewe, kwisha yeye. Ticha alikuwa anamsimamisha asome kwa sauti darasa lote likisikiza, akikwama anakula kiboko. Na viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, kabla hata tuzaliwe! Sisemi alikuwa na disleksia, mimi si daktari. Nasema miaka yote hiyo hakuna mtu mzima alijaribu kujua. Siku ya KCPE akapewa muda ule ule kama mimi.

Najua kuna mtu atasema, "wewe uliacha chuo, utatufunza nini kuhusu elimu?" Sawa. Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Hawa wanasukumwa.

Na msiniambie ati haiwezekani. Watahiniwa viziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Mtu aliketi chini akaona kuna uonevu, mtihani ukabadilishwa. KISE iko pale Kasarani tangu 1986 ikifunza walimu wa elimu maalum. Katiba nayo, Kifungu cha 54, imesema wazi. Kwa hivyo ujuzi uko, sheria iko. Lakini darasa la watoto 60 bado lina ticha mmoja, na hiyo ndio wanaita elimu jumuishi. Kwangu hiyo ni kumwingiza mtoto mlangoni halafu kumsahau.

Ninachotaka ni hiki: kila mtoto apimwe kabla amalize Gredi ya 3, na wapimaji wakuje shuleni. Si mama aache kibarua cha siku, alipe matatu mbili, afike aambiwe afisa hayuko.

Kama una mdogo wako hapo nyumbani anasoma kwa shida, enda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize EARC iko wapi. Wakikuzungusha, niandikie hapa chini. Tutarudi huko wengi.