Mnyororo Haumtulizi Mbwa Anayevuta

Anayefuga mbwa mkubwa Mji Mkongwe hakosi washauri. Mlinzi wa geti ana lake, muuza vyombo wa Darajani ana lake, na jirani aliyeketi barazani naye ana lake. Mengi ya wanayosema yanaumiza: shingo ya mbwa, kiganja cha mwenye mbwa, na utulivu wa mpita njia ambaye hakuomba kukutana na mbwa. Nayajibu yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Mbwa mwenye nguvu ni mnyororo tu." Hili ndilo linalosemwa zaidi na ndilo lenye madhara zaidi. Watu wanaona chuma, wanaamini hakikatiki. Lakini mnyororo hauanzi kuharibikia katikati, unaharibikia kwenye kulabu. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi, na kulabu ya bei rahisi iliyong'arishwa juujuu haikawii kutoa vidoa vya kutu. Springi yake inakwama, ulimi haurudi mahali pake. Nimemwona mlinzi mmoja Shangani akiigonga kulabu kwa jiwe ili ifunge. Mbwa wake, wa kilo 40 hivi, alikuwa ameshikiliwa na kipande cha chuma chenye kutu kisichozidi kidole gumba, na mnyororo wenyewe ulikuwa unang'aa. Isitoshe, mnyororo haushikiki. Mbwa akichomoka kumfuata paka, unateleza kiganjani na kuchuna ngozi, na mtu aliyechunika huachia.

Chukua mkanda bapa wenye upana wa sentimita 2.5 au karibu na hapo, ulioshonwa mara mbili panapokunjwa, wenye kulabu ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba, kama ile ya njumu za milango yetu. Kulabu iwe inazunguka, ili mkanda usijisokote. Kabla ya kutoka, ivute kwa nguvu zako zote. Ikisita kufunga, itupe.

"Kola ya kukaba itamtia adabu." Haitamtia. Mbwa anayevuta huku anakoroma bado anavuta, na koromeo lake ndilo linalolipa. Mwaka 2006 madaktari wa mifugo nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima mbwa 26: walipovuta kwa kola, shinikizo ndani ya macho lilipanda, walipovuta kwa mkanda wa kifuani, halikupanda kwa kiasi cha kutajika. Na hizo zilikuwa kola za kawaida, sembuse ya kukaba au ya miiba. Mbwa akibanwa shingo kila anapomwona mtoto, anaweza kuyaunganisha maumivu yale na mtoto. Katika mji ambao mtoto anatokea ghafla kila kona, hilo ni jambo la kuogopa.

"Mkanda wa kifuani ndio unaomfanya avute zaidi." Hapa pana ukweli nusu. Mbwa wa Alaska wanaovuta sleji juu ya theluji huvalishwa mikanda ya mwilini, kwa sababu uzito ukienea kifuani mbwa huvuta bila kuumia. Ukifunga kamba mgongoni, umempa nafasi hiyohiyo. Tafuta mkanda wenye pete mbele, katikati ya kifua. Akivuta, nguvu zake mwenyewe zinamgeuza ubavu akuelekee. Uache nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na mwili, na ukague makwapa: joto letu na maji ya bahari huacha chumvi kwenye mkanda, chumvi ikikauka inakwaruza. Mkitoka pwani, uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

"Kamba ya usumba yatosha, tena ni yetu." Naiheshimu kamba hiyo. Wanawake wa pwani ya mashariki hufukia makumbi mchangani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kusokota nyuzi kwa mikono, na kamba inayotoka huko inavumilia bahari kuliko nyingi za dukani. Lakini kwa mbwa ina kasoro mbili. Inakwaruza kiganja inapokimbia, na inanyonya mate.

Mate ndiyo yanayotuleta kwenye hoja nzito kuliko zote: "Ukishika kamba ya mbwa umenajisika, basi bora umwache mwenyewe." Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo najisi ya mbwa huhama penye unyevu, kikavu kwa kikavu hakihamishi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na msasi anayefukuza nguruwe mwitu mashambani analijua hilo. Kwa hiyo suala si kumwachia mbwa, ni kuchagua kitu kisichonyonya: mkanda uliofunikwa plastiki laini, unaofutika na kuoshwa ukakauka upesi. Ngozi na usumba hubaki na unyevu ndani. Mbwa aliyeachiwa ndiye anayekwenda kujisugua kwenye kanzu ya mtu anayewahi sala ya jamaa, na udhuru wako haumsaidii mtu huyo.

"Mpe kamba ndefu achoke." Si vichochoroni. Ile inayojikunja na kujikunjua kwenye kibweta ni mbaya zaidi, maana uzi wake mwembamba unakata vidole, na mbwa ameshafika kona kabla hujabonyeza breki. Mita 1.2 inatosha mjini. Kamba ya mita kumi ina mahali pake, ufuo wa Paje maji yakitoka, ikiwa imefungwa kwenye pete ya mgongoni. Usiifunge shingoni kamwe: mbwa akipata mwendo wa mita kumi kisha akakatishwa ghafla, shingo ndiyo inayopokea kishindo chote.

"Zungushia mkononi isikuponyoke." Ndivyo vidole vinavyovunjika. Pitisha gumba kwenye kitanzi, funga ngumi, mkono wa pili ushike chini yake karibu na tumbo.

Na wanaosema mkanda mzuri unamaliza kazi, nao wanakosea. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Simama kila mkanda unapokaza, tembea unapolegea, mpe kipande cha dagaa akiwa ubavuni mwako. Anza uani, kisha njia pana, kisha vichochoro alfajiri baada ya watu kutoka msikitini. Kama bado anakushinda nguvu, usimpitishe Hurumzi saa watoto wanapotoka chuoni.