Safari ya Msituni Hulipwa Kabla ya Kuondoka

Mwezi huu ukurasa wetu wa matumizi ya nyumbani unagusa jambo ambalo wengi hudhani si letu, nalo ni safari ya familia kwenda kuuona msitu wa mvua. Tunasema hasa na ninyi mlioko Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko katika uwanda huu wa kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja na watoto wetu wanaijua mibuyu na migunga kuliko wanavyoujua mto usiokauka.

Msitu tunaousema hauko ng'ambo. Uko katika Milima ya Udzungwa, upande wa Morogoro na Iringa. Tangu mwaka 1992 sehemu ya milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, lakini miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata hata milimita 2,000. Maporomoko ya Sanje hushuka zaidi ya mita 170. Humo wamo mbega wekundu, na kima wa Sanje ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1979. Na ile sukari ya Kilombero tunayotia katika chai, miwa yake hulimwa bondeni, chini ya milima hiyo hiyo.

Wapo watakaouliza, je, hiyo si anasa? Tunajibu kwamba anasa ni kile kinachokula haki ya kitu kingine. Mtoto kuona kazi ya mikono ya Mungu akiwa pamoja na baba na mama yake si anasa. Hebu hesabu michango yako ya harusi, ya sendofu na ya kicheni pati kwa mwaka mmoja. Hatusemi uache kuchangia wenzako, maana kuchangiana ni desturi njema. Tunasema tu kwamba fedha ya namna hii hupita mikononi mwetu, ila haikupangiwa kazi ya nyumbani.

Hatari haiko katika safari, iko katika namna ya kuilipa. Wako akina mama wanaokopa kikoba ili familia isafiri. Dada yetu, mkopo wa kikoba hufaa kwa kazi inayozaa, kama kukamua alizeti, kufuga kuku au kuuza karanga. Kazi hiyo hurudisha mkopo na riba yake. Safari hairudishi kitu mfukoni. Ukikopa mwezi wa Juni, marejesho yanaanza Julai, shule zinapofunguliwa. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vinanunuliwa bado. Hapo ndipo mama huanza kupunguza maziwa ya mtoto, au kumficha mumewe deni. Deni la siri huvunja amani ya nyumba kwa muda mrefu kuliko furaha ya siku tatu za matembezi.

Bwana wetu Yesu, katika Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akashindwa njiani na kuchekwa. Neno hilo lafaa pia kwa safari. Basi tuketi, tuhesabu.

Kwanza, zungumza na baba watoto mapema, mwaka mzima kabla. Usimwambie anapoingia mlangoni amechoka, wala mbele ya wageni au watoto. Ngoja jioni ya utulivu, mwandalie chai, shika karatasi na kalamu. Usiseme, "Tunataka kwenda Udzungwa, tupe fedha." Sema, "Tuhesabu pamoja tuone kama tunaweza." Akisema mwaka huu haiwezekani, msikilize sababu yake, huenda ana mzigo ambao hukuujua. Nanyi mnaolea watoto peke yenu, keteni na watoto wakubwa. Mtoto aliyeshirikishwa hesabu hadai soda kila kituo.

Pili, chagueni mwezi. Kwetu Juni unafaa kuliko miezi mingine. Shule zimefungwa, mavuno yameanza kuingia, na kule mvua kubwa za Machi hadi Mei zimepita, hivyo njia za mlimani hazitelezi sana. Desemba ni mbaya kwa mfuko, kwa sababu nyuma yake inakuja Januari na mahitaji ya shule, na wakulima wananunua mbegu.

Tatu, gawanyeni gharama katika bahasha tano. Huu ni mfano tu kwa baba, mama na watoto watatu, kwa siku tatu. Ulizeni bei za wakati wenu, mbadilishe tarakimu. Tuseme nauli ni shilingi 240,000, malazi ya vyumba viwili kwa usiku mbili 120,000, chakula 90,000, viingilio na mwongozaji 80,000, na dharura 70,000. Jumla ni shilingi 600,000. Mkianza Julai mpaka Juni inayofuata, ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Jumla hiyo ikikutisha, igawe kwa wiki, uone kama inapatikana katika mauzo ya mayai, mboga au maandazi. Zaka na sadaka hazimo katika bahasha hizi. Hizo hutolewa kwanza.

Bahasha ya nauli ndiyo nene, basi tuitazame. Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kufika Dodoma, na kwa viwango vilivyotangazwa mwaka huo watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Lakini stesheni ya treni Morogoro na stendi ya mabasi ya Msamvu haziko mahali pamoja, kwa hiyo wekeni nauli ya bajaji. Kutoka Msamvu mnapanda basi linaloelekea Ifakara. Basi hilo hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na mara nyingi abiria huona swala, twiga au tembo dirishani bila kulipa kitu zaidi ya nauli. Mikumi mjini linakata kushoto, linapita Kidatu, nanyi mnashuka Mang'ula, penye lango la Udzungwa.

Hapa pana unafuu mkubwa. Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, hivyo hamhitaji kukodi gari la kuzungukia wanyama. Sisi wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, basi chukueni vitambulisho. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Malipo hufanywa kwa namba maalumu ya serikali kupitia simu au benki, kwa hiyo fedha ya bahasha hiyo iwe katika simu kabla hamjafika. Kupanda Sanje kwahitaji mwongozaji na nusu siku. Wenye watoto wadogo waombe njia fupi, nako wataona maji na mbega.

Nne, msisahau vitu vidogo vinavyotoboa mfuko, kama viatu vya kufunga, sweta, chandarua na dawa ya mbu, kwa maana bonde la Kilombero lina joto na malaria. Karanga za kukaanga, ubuyu na viazi vya kuchemsha kutoka nyumbani vitaokoa fedha nyingi njiani. Mwachieni pia bibi au jirani atakayelinda nyumba na kulisha kuku fedha ya matumizi. Huyo naye ni sehemu ya safari.

Mwisho, wekeni tarehe ya kuamua, tuseme tarehe 30 Aprili. Siku hiyo fungueni bahasha zote mbele ya mumeo. Zikiwa zimejaa, kateni tiketi. Zikipungua kidogo, punguzeni usiku mmoja. Zikipungua sana, ahirisheni mpaka mwaka ujao, na fedha iliyopo ibaki pale pale. Mtoto atalia siku moja, lakini atajifunza kwamba nyumbani kwao ahadi hutimizwa kwa akiba.

Mwezi huu anza na bahasha moja, hata ikiwa na shilingi 5,000. Bwana abariki kazi ya mikono yenu na kuwalinda njiani, kwenda na kurudi.